Mpwa wangu, mwezi mpevu wa saa sita usiku, na D ya 69.4

Hiki kisa nishakisimulia kwenye simu kwa vipande mara nyingi mno na kila aliyekisikia anakipeleka mbele na mwisho wake mwenyewe, kuna shangazi mmoja Tanga mpaka leo anaamini mtoto wetu alifukuzwa chuo Marekani kwa kosa la kuangalia mwezi. Hapana jamani. Leo nakaa chini naandika chote, pointi kwa pointi na tarehe kwa tarehe, mwenye mtoto au mdogo wake anayeanza chuo huku asome taratibu. Chuo sikitaji, mwalimu simtaji, na mhusika kakubali niandike kwa sharti moja tu, jina lake lisitokee.

Mhusika ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Kamaliza Form Six nyumbani, kaja Ohio 2023, anasoma chuo cha jamii, vile vya miaka miwili ambavyo ukimaliza unahamia chuo kikuu na krediti zako mkononi. Usiku anapiga kazi ghala la mizigo, anaingia saa nne usiku anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Hayo masaa ya kazi yashike vizuri kichwani, tutayarudia.

Ili ahame alitakiwa awe na somo moja la sayansi lenye lab. Baiolojia anaiogopa, kemia hataki hata kuisikia. Sasa tarehe 8 Aprili 2024 jua lilipatwa lote na njia ya kivuli ikapita Ohio, sisi Columbus tulikuwa nje kidogo tu ya njia, nikamwambia twende bwana, tukapanda gari mpaka upande wa Cleveland na kule giza likakaa karibu dakika 4. Mimi nimeishi miaka mingi sijaona kitu kama kile, ndege walinyamaza, watu wazima wanalia kwenye maegesho ya magari. Dogo njia nzima ya kurudi hakusema kitu, tulipofika nyumbani akasema mjomba mimi nachukua astronomia. Na wenzake wakammalizia, chukua hiyo bana, haina hesabu, ni picha za nyota tu.

Huo ndo uongo wa kwanza kwenye hiki kisa. Astronomia ya utangulizi haina kalkulasi, hiyo kweli, ila hesabu zimo. Unapewa umbali wa Mshtarii (Jupiter) kutoka kwenye jua, mara 5.2 ya umbali wetu, unaambiwa tafuta mwaka wake una urefu gani, unaupandisha umbali kipeo cha tatu unatafuta kipeuo cha pili unapata karibu miaka 12. Unaulizwa nyota ikiwa mara tatu mbali zaidi mwanga wake unapungua mara ngapi, jibu tisa, sio tatu. Sio hesabu za kuua mtu, ila mtu aliyekuja kuangalia picha zinamkuta amelala.

Silabasi ilikuwa kurasa tisa. Yeye alisoma ukurasa wa kwanza na ule wenye tarehe za mitihani, na simlaumu sana maana nani anasoma kurasa tisa wiki ya kwanza, ila kila kilichompata kilikuwa kimeandikwa mle ndani. Kozi ni krediti 4, lecha masaa matatu kwa wiki na lab masaa mawili, na kila saa moja ya lecha unategemewa usome masaa mawili nje ya darasa, sasa jumlisha na kazi ya masaa 40 uone inabaki nafasi gani ya kulala. Mitihani mitatu ya katikati ina asilimia 10 kila mmoja, fainali 20, lab 25, asaimenti za mtandaoni 10, mradi wa kutazama mwezi 10, na zile 5 zilizobaki ni maswali ya kubonyeza jibu kwenye simu mkiwa darasani. A inaanzia 90, B 80, C 70, D 60. Hakuna kupandisha gredi za darasa zima, na hakuna kukaribisha, 69.9 ni D na imeandikwa kwa herufi nzito. Lab zipo 12, moja ya chini kabisa inafutwa, ukikosa tatu au wastani wa lab ukishuka chini ya 60 umefeli kozi nzima hata kama kwenye mitihani unapata mia. Ukikosa lab kwa sababu ya maana una masaa 48 ya kupeleka ushahidi, baada ya hapo sifuri.

Sisi tuliosoma Bongo hapa ndo tunapotelea. Kidato cha nne NECTA 75 ni A, 65 ni B, 45 ni C. Kwa kipimo hicho 69.4 ni B safi, unaenda kununua soda. Huku ni D. Na D ya huku ina unafiki wake, kwenye karatasi umepita na krediti zinaonekana, ila ukitaka kuhamisha somo chuo kikuu wengi wanataka C kwenda juu, kwa hiyo umelipa, umekaa semista nzima, na kitu chenyewe hakisafiri. Halafu kichwani mwetu kuna ile imani kwamba hivi vidogovidogo ni vya watoto, mtihani wa mwisho ndo unaamua. Hapa mtihani wa mwisho ni 20 tu, zile 80 zinadondoka kidogo kidogo toka mwezi wa nane.

Dogo alifanyaje? Mitihani 70, 65, 81. Ule wa 65 ni wa mwanga na spektra, yaani mwanga ukigawanywa rangi zake, na nimegundua huo ndo unaowaua wengi, yeye alipoteza maswali matatu kwa kuandika kwamba nyota nyekundu ni ya moto kuliko ya bluu, nikamuuliza ulitoa wapi, akasema mjomba bomba la maji ya moto si lina alama nyekundu? Nikakosa la kumjibu. Nyekundu ndo ya baridi, bluu ndo inayowaka haswa. Fainali 74. Asaimenti 92. Maswali ya darasani 90. Lab alikosa mbili, zote za Ijumaa alipoambiwa kazini abaki hadi mchana, moja ikafutwa nyingine ikakaa kama sifuri, zile 10 alizofanya wastani wake 85. Kwa hiyo lab nzima ikawa 77 na kidogo.

Mradi wa mwezi: sifuri. Na pembeni maneno mekundu ya mwalimu kwamba takwimu zinaonekana za kubuni.

Jumlisha mwenyewe. Mitihani 21.6, fainali 14.8, lab 19.3, asaimenti 9.2, darasani 4.5, mwezi hamna kitu. 69.4.

Mradi wenyewe ulikuwa rahisi kuelezea na mgumu kufanya. Ndani ya wiki zisizopungua nne utazame mwezi mara 10, kila mara uandike tarehe, saa na kama ni AM au PM, upande gani wa anga, urefu wake kutoka upeo wa macho kwa ngumi, halafu uchore umbo. Kupima kwa ngumi ni hivi, unanyoosha mkono wote mbele, unakunja ngumi, upana wa ngumi moja ni kama nyuzi 10, unapandisha ngumi juu ya ngumi mpaka uufikie mwezi. Kila tazamo pointi 7, insha fupi ya mwisho 15, kufuata maelekezo 15. Ukibuni data adhabu inaanzia kukatwa 20 mpaka sifuri, mwalimu anaamua, na ofisi ya maadili ya wanafunzi inaandikiwa. Huu mradi huwezi kuufanya usiku mmoja kabla ya dedilaini, ndo maana upo. Na Ohio ikishaingia Novemba mawingu yanakaa kama mgeni asiyeaga.

Alichopeleka kilikuwa jedwali la mistari tisa badala ya kumi. Tazama mistari kadhaa kama mwalimu alivyoiona. Tarehe 24 Oktoba, 1:00 AM, nusu mwezi, upande wa kushoto ndo unang'aa, juu kabisa kusini, ngumi 7. Tarehe 4 Novemba, 12:15 AM, mwezi mwembamba, kusini magharibi, chini, karibu na nyota kali sana. Tarehe 9 Novemba, 1:00 AM, nusu mwezi, kulia ndo kunang'aa, kusini, ngumi 3. Tarehe 15 Novemba, 12:00 AM, mwezi mpevu, mashariki, ngumi 1.

Mtu wa pwani akisoma hiyo anacheka kabla hajamaliza. Mwezi una ratiba yake bwana. Ukiandama unautafuta magharibi baada ya swala ya magharibi, na unazama mapema, hakuna mtu toka dunia iumbwe aliyeona hilali saa sita usiku. Mwezi wa kumi na tano unachomoza jua linapozama, na saa sita usiku unakuwa umepanda juu huko, haukai ngumi moja kutoka chini mashariki kama ndo kwanza unaamka. Babu yake huyu huyu dogo alikuwa mvuvi, alikuwa anajua bamvua na maji mafu kwa kutupia mwezi jicho tu, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mchanga maji yanajaa sana na kutoka sana, ukiwa nusu maji yamelala. Kila siku mwezi unachelewa kuchomoza kwa kama dakika 50, mzunguko mzima siku 29 na nusu, kwa hiyo ukinipa umbo na saa mimi nakupa upande wa anga, ukinipa umbo na upande nakupa saa. Vitu viwili vinazaa cha tatu. Ndo maana kumdanganya mwalimu wa astronomia kuhusu mwezi ni kama kumdanganya muuza samaki kuhusu samaki.

Mwalimu akaona maumbo karibu yote sahihi kwa tarehe zake, saa zote haziwezekani. Akafikiria ambavyo hata mimi ningefikiria: huyu kafungua apu ya simu kachukua umbo la kila tarehe, saa kajitungia. Sifuri. Tarehe 3 Desemba karatasi ikarudi, na chini kaandika njoo ofisini tuongee.

Hakwenda. Hapa ndo pananiuma kuliko pengine pote. Kwetu ukiitwa ofisini na mwalimu unajua unachoendea, unaenda umevaa suruali mbili. Huku saa za ofisi ni mlango upo wazi, mwalimu kakaa pale analipwa kukusubiri, na wengi wanakaa peke yao wanakunywa kahawa. Yeye akaichukulia kama samansi, akanyamaza, akafanya fainali, akaomba Mungu 70 itokee. Ikatokea 69.4.

Jumapili moja kabla ya Krismasi kaja kwangu. Shikamoo mjomba, marahaba, kakaa mezani hali. Nikamuuliza kuna nini, akanipa simu niangalie gredi. Nikasoma, nikamuuliza huu mwezi umefanyaje, akasema wameniambia nimedanganya. Umedanganya? Kimya. Halafu akasema mjomba mimi mwezi niliutazama, wallahi niliutazama.

Nikaomba nione hilo jedwali. Mimi astronomia sijasoma darasani, nikaanza kulisoma kama mzazi, natafuta pa kumtetea, na kilichonishtua hakikuwa mwezi kabisa. Nikamwambia hapa umeandika 1:00 AM tarehe 9 Novemba. Si saa saba usiku hiyo? Ndio. Saa saba usiku wewe si unakuwa ghala unapakia mizigo? Akaniangalia. Na hii 12:15 AM, Jumatatu, saa sita na robo usiku, ulitoka nje kuangalia mwezi bosi yuko wapi? Akasema hapana mjomba, hiyo niliangalia kabla sijaenda kazini, pale kwenye kituo cha basi.

Lete daftari.

Daftari akaenda kulitoa kwenye gari, dogo la mistari, limekunjwa katikati kutokana na kukaa mfuko wa nyuma wa suruali, jalada lina alama ya mafuta. Upande mmoja anaandika masaa yake ya kazi ili asidhulumiwe malipo, upande wa pili mwezi. Nanukuu kama ilivyo. "24/10 saa 1 asb, nusu (kshoto), juu kbs, ng 7." "4/11 saa 12 na robo, mwembamba, kusini mgharibi, chini, karibu na nyota kali. mbona umesimama??" "9/11 saa 1 usk, nusu (kulia), ng 3." "15/11 saa 12 jion, mpevu, mashariki, ng 1, mkubwa."

Nilicheka mpaka dada akaja kuuliza kuna nini. Saa ya Kiswahili! Mtoto kaandika saa yetu, ile inayoanza kuhesabu jua likichomoza, saa moja asubuhi yetu ndo saba yao. Nje ameangalia mwezi saa moja usiku, yaani 7:00 PM, na Novemba Ohio muda huo giza limeshaingia zamani hasa baada ya saa kurudishwa nyuma tarehe 3, kwa hiyo kaandika usiku bila wasiwasi. Jedwali alikuja kulijaza kwenye simu usiku wa kuamkia dedilaini, saa tisa usiku, wakati wa brek, amekaa juu ya boksi. Akahamisha namba kama zilivyo, 1 ikawa 1:00, 12 na robo ikawa 12:15, mstari wa kwanza akaandika AM kwa sababu ni asubuhi, halafu ile AM akaiburuta kwa kidole mpaka chini kabisa.

Sogeza kila mstari masaa sita, na ile ya jioni geuza AM iwe PM, uone. Mwezi mwembamba tarehe 4 Novemba saa 12 na robo jioni kusini magharibi chini, sawa kabisa, na ile nyota kali ni sayari ya Zuhura (Venus), jioni ile mwezi ulipita karibu yake. Nusu ya tarehe 9 saa 1 usiku upo kusini, sawa. Mpevu wa tarehe 15 saa 12 jioni umechomoza karibuni tu, ngumi moja mashariki, sawa mia kwa mia. Nusu ya 24 Oktoba saa 1 asubuhi juu ya kichwa wakati anashuka basi kutoka kazini, sawa. Hakuna aliyebuni anayeweza kukosea kwa masaa sita yale yale kila mstari, anayebuni anakosea huku na huku.

Na lile "mbona umesimama" ndo lilinimaliza. Tanga mwezi mchanga unalala kama mtumbwi, ncha zote mbili juu. Ohio jioni za Novemba unasimama kwa ubavu. Apu haikufundishi kulishangaa hilo, analishangaa mtu aliyekulia karibu na ikweta na sasa yuko kituo cha basi na baridi lake anauona mwezi umekaa vibaya.

Hapo ningeweza kuandika kisa kimeisha, mtoto kaonewa, saa ya Kiswahili imemponza. Shangazi wa Tanga ningempa toleo hilo. Ila mimi nilikuwa nahesabu, jedwali lina mistari tisa, daftari lina nane. Nikarudia kuhesabu. Tarehe 1 Novemba, mwezi mwembamba, magharibi, ngumi 1. Hii iko wapi humu ndani? Akainamisha kichwa. Hiyo nilijaza tu mjomba, niliona kutoka 26 mpaka tarehe 4 kuna pengo, nikaona mwalimu atasema nilikuwa sitoki nje. Na kapatia pabaya kuliko pote kwenye kalenda, maana tarehe 1 Novemba ndo siku yenyewe ya mwezi kuwa gizani, hapakuwa na kitu cha kuona hata kwa darubini. Hiyo sogeza masaa sita, sogeza kumi na mbili, haitoki.

Kwa hiyo kuna kweli nane, uongo mmoja na tupu moja. Sasa unafanyaje?

Dada akasema twende wote chuoni kesho, mimi na wewe kaka, tukaongee na huyo mwalimu kama watu wazima. Ingekuwa nyumbani ningeshavaa koti. Ila huku kuna sheria inaitwa FERPA, ya 1974, mwanafunzi akishaingia chuo rekodi zake za masomo ni zake mwenyewe, mwalimu haruhusiwi kunijadilia gredi ya mpwa wangu bila yeye kukubali kwa maandishi, hata mama mzazi aliyelipa ada hana haki hiyo moja kwa moja. Dada hakuelewa na sijui kama mpaka leo kaelewa. Nikasema ataenda mwenyewe, imeili tutamsaidia kuipanga.

Kwenye imeili tulibishana. Yeye alitaka aanze na saa ya Kiswahili, aeleze vizuri, aambatanishe picha za daftari, na ile tarehe 1 aiache tu, labda mwalimu hataiona. Mimi nikamwambia anza na tarehe 1. Sio kwa uchamungu tu, kwa akili ya kawaida, mwalimu akishafungua kalenda kuhakiki ile mistari nane, hiyo ya tisa itamrukia usoni na hizo nane nazo zitaoza. Kaandika mistari sita tu. Wa kwanza: tazamo la tarehe 1 Novemba sikulifanya, nililibuni, samahani. Halafu ndo masaa, halafu picha za kurasa zote, na rekodi ya kuingia kazini ya Novemba 3 inayoonyesha kabonyeza saa 9:56 PM, maana yake saa sita na robo usiku alikuwa ndani ya jengo lisilo na dirisha.

Mwalimu alijibu siku ya pili, likizoni, waje waonane wiki ya kwanza ya Januari 2025. Dogo anasema alipoingia mama wa watu alikuwa tayari kafungua Stellarium, ile programu ya bure ya anga, kaiweka Ohio, na mbele yake kaprinti kurasa za daftari. Akamwambia nisomee wewe kwa sauti. Dogo anasoma, saa moja usiku, yeye anaandika saba, anasogeza anga, mwezi unakuja hapo hapo ulipochorwa. Mstari wa tatu akaacha kuandika akamuuliza hiyo saa yenu inahesabiwaje. Akamweleza, jua linachomoza kama saa 12 mwaka mzima kwetu, saa ya kwanza ya mchana ndo saa moja. Akasema hii ina mantiki kuliko yetu. Kisha akauliza maana ya "mbona umesimama", alipotafsiriwa akacheka na kuizungushia duara.

Halafu akapiga hesabu mbele yake. Matazamo nane mara 7, hizo 56. Insha alimpa 9. Kufuata maelekezo sifuri, kwa sababu AM na PM zilidaiwa kwenye karatasi na kazi ya kubadilisha saa ilikuwa ya mwanafunzi. Jumla 65. Toa 20 kwa lile la kubuni. 45. Kwenye kozi hiyo ni pointi 4.5, na 69.4 ikawa 73.9. C. Akajaza fomu ya kubadilisha gredi, na ile barua ya ofisi ya maadili haikufutwa, ilipunguzwa ikawa onyo la tazamo moja badala ya mradi mzima.

Watu wananiuliza kwani huyo mwalimu hakumuonea? Mimi nasema hapana. Kwa kilichokuwa mezani kwake sifuri ilikuwa jibu sahihi, na aliacha mlango wazi kwa maandishi mekundu na mtoto wetu ndo hakuingia. Ningemlaumu kama angekataa kuliangalia daftari. Zile 20 wengine wanasema kazidisha, mistari nane ya kweli adhibiwe kwa mmoja? Mimi naona kamhurumia, silabasi ilimruhusu aiache sifuri pale pale.

Ila kuna kitu nilikigundua baadaye sana nikicheza na namba zile na hakuna aliyekitaja, hata yeye. Ile lab moja aliyopata sifuri, angepeleka barua ya bosi ndani ya masaa 48 akairudia na kupata 85 yake ya kawaida, jumla ingekuwa 71.35. C, na mwezi ukiwa bado sifuri. Bosi angeiandika, nilimuuliza mwenyewe dogo, kasema bosi yule anaandika barua kwa kila mtu.

Gredi ilibadilika kwenye mfumo wiki ya tatu ya Januari. Shangazi nimempigia nikamweleza yote, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: sasa wamemrudisha chuo?